Maombolezo, Dakika Saba

Kufikia saa nne asubuhi ya Jumatatu ile, watu saba walikuwa wamekuja ofisini kunipa pole, na mimi sikujua nimefiwa na nani.

Wa kwanza alikuwa Phelesia, ambaye huniletea samaki wa ngege kila Ijumaa. Aliingia mikono kichwani, akanitazama weee, akasema, "Leonida, pole, yawa. Na bado umekuja kazini?" Nikasema asante. Kwetu mtu akikupa pole unaipokea kwanza, maswali baadaye. Wa pili alikuja na kuku. Wa tatu na wa nne walikuwa mume na mke ambao hata majina yao siyajui. Walikaa kwenye benchi la wageni robo saa nzima wakitikisa vichwa, kisha wakaenda zao. Kuku akabaki chini ya meza yangu, miguu imefungwa, ananidonoa kiatu.

Mimi si mtu wa kuvumilia jambo nisilolielewa. Fanuel wa posta alipoingia na mfuko wa barua, akavua kofia na kuanza, "Dada Leonida, tumepokea kwa masikitiko," nilipiga meza.

"Fanuel! Nani amekufa?"

Akarudi nyuma hatua moja. "Si wewe ndiye umetangaza? Karatasi umeibandika mwenyewe pale posta."

Nikatoka mbio kwenda kusoma karatasi yangu mwenyewe.

Ngoja nieleze. Mwaka huo wa 1966 nilikuwa mpiga chapa wa Ofisi ya Maendeleo, Homa Bay, na mji mzima ulinijua kwa vidole. Naweza kuchapa ukurasa huku nagombana na mtu. Wiki mbili kabla, barua ilikuwa imekuja kutoka idara ya muziki ya chuo kikuu kule Nairobi, imetiwa sahihi na mhadhiri aitwaye Maroa. Walikuwa wanakuja kwetu kwa siku tatu. Ijumaa, mhadhara juu ya ala za nyuzi. Jumamosi, mafunzo ya kuunda na kutunza ala. Jumapili tarehe ishirini na moja Agosti, saa tisa alasiri, tamasha katika ukumbi wa jamii, bure, watu wote mnakaribishwa. Je, ofisi ingeweza kuchapa ratiba na kuibandika mahali pa watu?

Ofisi ingekosaje! Watu wa chuo kikuu walikuwa wanakuja Homa Bay kupima udongo au kuhesabu mbu. Wa kuja kufundisha muziki sikuwa nimemwona, na nilitaka sana kujua mtu anafundishaje wimbo kwa chaki. Nilikata stensili siku hiyo hiyo, nikatoa nakala sitini. Nyingine nikabandika posta, sokoni na gatini, nyingine nikawapa makondakta wa mabasi wazipeleke Rongo, Uriri, Migori, mpaka Muhuru Bay kwa wanika omena, wale dagaa wa ziwani.

Sasa pale posta nikakuta watu kama kumi wamesimama mbele ya karatasi, mmoja anawasomea wenzake kwa sauti. Nikasikia kwa masikio yangu kitu nilichokuwa nimekichapa kwa vidole tu.

"Namba nne. Maombolezo, kwa nyatiti. Mzee Dishon wa Uriri. Dakika saba."

Na chini kabisa: "Kwa maelezo zaidi, muone Leonida wa Uriri, Ofisi ya Maendeleo." Ofisini tulikuwa Leonida wawili, ndiyo maana niliandika wa Uriri.

Yawa! Nilitamani ardhi ipasuke. Mtu wa mbali huenda asione kosa liko wapi. Kwetu hakuna anayetangaza maombolezo kabla hajapatikana mfu. Mpiga nyatiti, ala yetu ya nyuzi nane, huitwa boma likishafiwa. Anakaa kwenye kigoda chake, anauliza: aliyekufa ni mwana wa nani, rafiki yake nani, alikuwa anajisifu vipi alipokuwa hai. Akishapewa hayo ndipo anaimba, na wimbo unakuwa wa mtu huyo mmoja. Kwa hiyo ukiandika maombolezo, ukataja mpigaji, siku na saa, umesema mtu amekufa na jamaa wameshapanga. Na wa kumuona kwa maelezo zaidi ni nani kama si mfiwa?

Mimi Mjaluo, mzaliwa wa Uriri, nimekaa misibani tangu nikibebwa mgongoni, na nililipanga jambo hilo kati ya fidla na kwaya ya walimu bila hata kupepesa jicho. Nilirudi ofisini nimekasirika hata kuku akanyamaza.

Maroa aliwasili Jumatano kwa Landrova, pamoja na wanafunzi wawili, fidla moja, na tepu rekoda iliyohitaji watu wawili kuishusha. Alikuwa Mkuria wa upande wa Kehancha, mwembamba, mwenye miwani. Dholuo alijua salamu tu, Kikuria mimi sijui hata salamu, kwa hivyo Kiswahili ndicho kilichotukutanisha.

"Bwana Maroa, umeniua," nikamwambia kabla hajaketi, nikamweleza yote, pamoja na kuku.

Nilidhani atacheka. Hakucheka. Alitoa daftari mfukoni, akatoa na kalamu.

"Rudia polepole, Bi Leonida. Mpigaji anauliza mambo mangapi kabla ya kuanza?"

Nilitaka kumrushia stepla. "Bwana, mimi nakwambia mji mzima unanililia, wewe unaandika?"

"Naandika kwa sababu sikujua. Juni nilikwenda kwa Mzee Dishon, nikamuuliza kama anajua maombolezo. Akasema hakuna anayemshinda. Nikamuuliza kama atakuja Homa Bay tarehe hii. Akasema atakuja."

"Hukumwambia ni msiba wa nani?"

"Sikujua hilo husemwa," akasema Maroa, na uso wake ulikuwa na haya ya kweli. Hapo hasira zangu zikapungua nusu. Nusu ile nyingine niliihifadhi.

Tulikubaliana nichape tangazo jipya, kwamba hakuna msiba, ni mfano tu kwa ajili ya masomo. Nililichapa. Nilikuwa nalibandika sokoni Alhamisi mchana basi la kutoka Uriri lilipofika, akashuka mama yangu.

Awino, mama yangu, hakuwa mtu wa safari. Katika miaka sita niliyokuwa nimeishi Homa Bay alikuwa amenitembelea mara moja. Sasa alishuka na kikapu, kitambaa cheupe kichwani, akanishika mkono bila salamu.

"Nyathina," akasema. Mwanangu. "Wamempata wapi?"

Sikuhitaji kuuliza nani.

Kaka yangu Jared alichukuliwa Keya, jeshi la Waingereza, mwaka wa arobaini na mbili, akapelekwa vitani Bama, ng'ambo ya bahari. Mimi nilikuwa na miaka sita. Vita vilipokwisha wenzake walirudi na makoti marefu, yeye hakurudi. Chifu alikuja nyumbani akasema, "Jared haonekani." Hakuleta karatasi, alisema tu kwa mdomo, akapanda baiskeli akaenda. Mama akalishika neno hilo. Mtu asiyeonekana anatafutwa, akasema, haombolezwi. Desturi yetu ina njia kwa waliopotea mbali: unazika tunda la mti wa yago badala ya mwili, unalia, unamaliza. Mama alikataa. Dishon alipokuja na nyatiti yake mwaka wa arobaini na sita kujitolea, alimfukuza kwa mwiko mpaka njiani. Na tangu hapo kila siku ya soko amekuwa akienda pale dukani Uriri ambapo barua husomwa majina, anasimama na wengine, majina yanaitwa, yanaisha, anarudi. Miaka ishirini.

Sasa alikuwa amesikia kwamba binti yake wa ofisini ametangaza maombolezo, na mpigaji ni wa Uriri. Ungekuwa wewe, ungefikiri nini?

"Nionyeshe barua," akasema.

Nikajibu, "Mama, barua iko ofisini."

Haikuwa uongo, barua ya Maroa ilikuwa ofisini kweli. Lakini nilijua ninafanya nini, na najionea aibu mpaka leo. Nilimchukua nyumbani kwangu, nikampa chai. Alifungua kikapu akatoa fulana ndogo ya buluu iliyopauka, akaiweka kitandani, akainyoosha kwa kiganja. Nilikumbuka fulana hiyo kabla sijaikumbuka sura ya Jared mwenyewe.

Ijumaa nilikwenda kwenye mhadhara kama mtu anayekimbia nyumba yake. Maroa alichora mistari minane ubaoni, akaipa kila uzi wa nyatiti namba, akaeleza upi unajibizana na upi. Mimi nilikuwa nimeisikia nyatiti maisha yangu yote lakini sikuwahi kuisikiliza, kwa sababu kwetu ikilia na wewe unalia. Nilijikuta nimeegemea mbele na mdomo wazi. Dishon alikuwa safu ya kwanza, kofia ya manyoya magotini, mzee mfupi mwenye kujipenda. Akanyoosha mkono.

"Mwalimu. Uzi wa tatu ukikatika katikati ya msiba, ubao wako unasema nifanye nini?"

"Unasema nikuulize wewe, mzee," akasema Maroa, na ukumbi ukacheka, na Dishon akaridhika sana.

Kuridhika kwenyewe hakukufika mlangoni. Baada ya mhadhara alitufuata nje, mimi na Maroa.

"Haya, nimefika," akasema. "Msiba uko wapi?"

Maroa akasema, "Mzee, hakuna msiba. Ni mfano tu."

"Mfano wa nani?"

"Wa maombolezo kwa jumla."

"Kwa jumla!" Dishon alinigeukia mimi kana kwamba mimi ndiye nimesema. "Huyu kijana alisema Chuo Kikuu. Nilidhani Chuo Kikuu kimefiwa. Nimekuja na kengele mpya za mguuni kwa heshima yao. Sasa nimlilie nani, hewa?"

"Labda mtu aliyekufa zamani," Maroa akajaribu. "Baba yako, mzee, kwa mfano."

"Baba yangu nilimwimbia siku mbili, akaridhika. Nikimwita tena atauliza kuna nini." Akavaa kofia. "Nipeni mtu, nitaimba. Hamna mtu, namba nne mruke."

Maroa akaondoka kwa unyonge. Dishon akabaki, akanitazama.

"Nimemwona Min Jared, mama yako, amekaa mlangoni pako," akasema polepole. "Majirani wanampa pole, naye anapokea. Anajua ulichobandika?"

"Anadhani kuna barua."

"Basi mwambie wewe, kabla sijamwambia mimi. Mimi alinipiga kwa mwiko. Namheshimu."

Nilimwambia Jumamosi asubuhi, tukiwa tunachambua omena kwenye ungo. Nilisema yote kwa mkupuo: ratiba, chuo kikuu, namba nne, ujinga wangu, na kwamba hakuna aliyemwona Jared mahali popote. Vidole vyake havikusimama. Alitoa kijiwe, akakiweka kando.

"Kwa hivyo hakuna barua."

"Hakuna, Mama. Nisamehe."

"Wewe una mashine ya kuandika," akasema, "na hujawahi kuniandikia hata mstari mmoja."

"Mama, wewe husomi!"

"Sisomi. Lakini naitika."

Nilikuwa nimetuma sukari, leso, salamu kwa watu, lakini barua, kwa mtu asiyesoma, niliona ni karatasi ya bure. Machozi yalinitoka juu ya omena, naye akausogeza ungo nisizilowanishe.

Nilidhani ataomba kupanda basi. Badala yake alinyanyuka, akafunga kitambaa, akauliza, "Hiyo namba nne inakuja baada ya nini?"

"Baada ya fidla."

"Fidla ni nini?"

"Ni kama nyatiti ndogo ya Wazungu, inakunwa kwa upinde."

"Twende nikaione."

Kwa hiyo tukaenda kwenye mafunzo. Dishon alikuwa ameketi sakafuni akiwaonyesha walimu wa shule na wanafunzi wa Maroa jinsi ya kusokota mshipa wa ng'ombe uwe uzi. Alipomwona mama yangu aliinua kichwa, akasema "Min Jared" kwa adabu, akarudi kwenye kazi. Mama aliizunguka fidla akaichungulia tundu zake, akasema ni nyembamba mno kuwa na sauti. Mwanafunzi akampigia kidogo. Mama akasema haya, sauti anayo, lakini analia kama ana njaa.

Kisha akasimama mbele ya tepu rekoda. Ilikuwa inazunguka, na ndani yake alikuwemo Dishon wa Juni akiimba, wakati Dishon wa Agosti amekaa pale pale akimenya mshipa. Mama alimtazama mmoja, akausikiliza mwingine.

"Muulize," akaniambia, na mimi nikamtafsiria Maroa. "Mwenye sauti akifa, sauti inakwenda wapi?"

"Inabaki," akasema Maroa.

"Na jina likitajwa humo?"

"Linabaki pia, mama. Kanda tunaziweka Nairobi katika kabati, tunaandika majina juu yake. Mtu yeyote akiuliza, anasikilizishwa."

Mama akatikisa kichwa. Usiniulize alikuwa anawaza nini, kwa sababu nilimuuliza mara tatu akaniambia nipike.

Jumapili saa tisa ukumbi ulikuwa umejaa mpaka madirishani. Tangazo langu la pili, kwamba hakuna msiba, halikuwa limesaidia chochote. Watu walikuja kwa uso wa msiba, wanawake wamejifunga leso kiunoni, wanaume wamevua kofia, na kila aliyenipita alinishika bega. Mbele kabisa alikaa mwenyekiti wa baraza, Bwana Cephas, mtu mzito, anayechechemea mguu wa kulia na asiyependa kupotezewa muda. Alikuwa ameweka saa yake ya mkononi juu ya ratiba yangu, anafuata namba kwa kidole.

Namba moja, wimbo wa taifa. Namba mbili, hotuba fupi ya Maroa. Namba tatu, fidla, na watu walisikiliza kwa mshangao wa heshima. Mama alinong'ona kwamba leo ameshiba kidogo.

Namba nne. Nilikuwa nimemwomba Maroa aifute, akasema mzee mwenyewe amekataa ifutwe. Dishon alitoka na kigoda, akalaza nyatiti ubavuni, akavaa pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu, akajifunga zile kengele mpya. Akaanza. Pete iligonga mti, nyuzi zikaingia. Lakini maneno hayakuja. Akapiga, akanyamaza. Akapiga tena, akanyamaza, akatazama watu.

Mwenyekiti Cephas akakohoa, akainua saa. Maroa pale kando ya tepu alikuwa amekunja mikono kama anayeomba. Dakika tatu zilikuwa zimekwisha.

"Nimekuja na nyuzi nane na mguu mmoja," Dishon akasema kwa sauti ya kawaida. "Mimi nimeleta vyangu. Nani ananipa mtu?"

Watu walianza kunigeukia mimi, na mimi nilitazama viatu vyangu. Hapo nikahisi kiti cha pembeni yangu kimekuwa chepesi.

Mama alikuwa amesimama. Aliinua mkono juu, vile wanavyofanya watu kwetu wakitaka kumsimamisha mpigaji ili wajisifu. Kila mtu hujisifu mwenyewe, kwa jina lake na mambo yake, na mpigaji hunyamaza akusikilize. Dishon akafunika nyuzi kwa kiganja.

"Simama, mpigaji," akasema mama. Sauti ilitetemeka, kisha ikanyooka. "Simama unijue. Mimi ni Jared wa Awino! Mimi dereva wa baiskeli isiyo na breki! Mteremko wa Uriri unanijua, kuku wa njiani wananijua, mapadri wananipisha! Nani ataniambia simama?"

Ukumbi mzima ukatoa sauti moja ya chini. Mimi sikuwahi kuyasikia maneno hayo. Nilikuwa mdogo mno. Alikuwa ameyatunza miaka ishirini na nne yote, majigambo ya kijana, na sasa aliyatoa kwa niaba yake kwa sababu mwenyewe hakuwepo kuyasema. Nililia kwa sauti, sitaki kuficha.

"Nimekujua, Jared," akasema Dishon, akamjibu mama yangu kwa jina hilo. "Mama yako ninaye, amekuja. Rafiki yako nani?"

Nilijua Mama alikuwa hajui. Rafiki zake wengi walikwenda Bama naye. Dishon alisubiri, na mimi nikaona tunakaribia kukwama mbele ya watu wote.

"Mimi," akasema mtu.

Mwenyekiti wa baraza alikuwa amesimama. Alipandisha suruali yake ya suti mpaka juu ya goti la kulia, mbele ya waheshimiwa wote, na pale palikuwa na kovu refu kama kiganja.

"Mimi Cephas," akasema, na uso ulikuwa umelowa. "Nilikaa nyuma ya baiskeli hiyo. Iliishia mtoni. Alinibeba mgongoni mpaka kwa huyu mama, akamwambia nimeanguka mtini."

"Kumbe!" mama yangu akapiga kelele. "Kumbe ulikuwa mtoni!"

Watu wakacheka, wakalia, vyote pamoja, na Dishon akaingia. Sitajaribu kuandika alivyoimba. Nitasema tu kwamba alimpandisha Jared kwenye baiskeli pale Uriri, akamteremsha mpaka mtoni, akamtoa, akampitisha Migori na Kisumu, akampandisha meli, na kila alipofika watu wa huko walimwambia simama naye hakusimama. Alipofika Bama, Dishon aliacha nyuzi zote, akabaki na ile pete tu ikigonga mti. Wanawake wakapiga yowe. Mama alishika ile fulana ya buluu kwa mikono miwili juu ya kichwa, akacheza nayo mpaka mbele, akalia kilio alichokuwa amekikataa tangu chifu apande baiskeli yake. Nilimfuata. Sikukumbuka kwamba mimi ni wa ofisi.

Dakika saba zilikuwa saa mbili kasoro. Kanda ya tepu iliisha, Maroa akaigeuza, ikaisha tena. Namba tano, kwaya ya walimu, waliketi na majoho yao wakaitikia pamoja na wengine. Saa ya mwenyekiti niliiona baadaye sakafuni.

Jumatatu asubuhi mama alikuwa tayari amefunga kikapu. Yago tutazika Desemba, akasema, Cephas ameomba achimbe yeye. Nikamsindikiza kuelekea stendi, tukapita ofisini akasimama mlangoni.

"Ile karatasi yako bado ipo?"

"Ipo, Mama."

"Ina jina lake?"

"Haina."

"Basi itengeneze."

Nilikaa kwenye taipureta na kitambaa chake cheupe kikinitazama mgongoni. Nilichapa ratiba yote upya kwa mkono wa polepole ambao sina. Namba nne: Maombolezo ya Jared, mwana wa Awino wa Uriri, dereva wa baiskeli, aliyekwenda vitani. Pa dakika sikuweka kitu. Nikaitoa, nikamwekea kidole chake juu ya jina, akalifuata herufi kwa herufi mpaka mwisho.

Nikamnyooshea aichukue. Akavuta mkono.

"Usinipe hapa," akasema. "Itie kwenye bahasha. Ipeleke posta, iniite Uriri."

Akapanda basi na kikapu chake, bila karatasi. Mimi nikaandika bahasha, nikampelekea Fanuel, akaigonga mhuri bila kuniuliza chochote, na kwa Fanuel hilo si jambo dogo.

Siku ya soko iliyofuata sikuwepo Uriri. Mwenye duka, ambaye ndiye huita majina, alinieleza baadaye. Alisema majina yalikuwa mengi siku hiyo, na mama yangu alisimama mahali pake pa kila siku, karibu na nguzo. Mwenye duka alipoanza kuita "Awino," kabla hajafika kwenye jina la pili, mama alikuwa ameshaitika.